Ugomvi wa kisimani: ni tatizo la maji au ni tabia zetu?

Mkazi wa Bahi
Ndugu wanajukwaa, naomba maoni yenu. Kijiji chetu kiko wilayani Bahi, mkoani Dodoma, ambako mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki tunategemea kisima kimoja cha pampu ya mkono pamoja na vidimbwi tunavyochimba kwenye mchanga wa korongo. Kila ifikapo Septemba, ugomvi wa foleni huhamia majumbani. Mwaka jana majirani wawili waligombania zamu ya ndoo moja, wakasusiana hata msibani, jambo ambalo kwetu ni zito kuliko ugomvi wenyewe. Je, hili tulihesabu kuwa tatizo la maji, au tunasingizia kisima?

Mama wa Chamwino
Hamkisingizii, ndugu yangu. Msiba wa kijijini huendeshwa kwa maji ya majirani, kwa kuwa kila nyumba hupeleka ndoo ya kupikia na ya kunawia. Sasa ndoo hiyo inapomgharimu mtu nusu siku, huanza kuchelewa kwenda, kisha huona haya kwenda mikono mitupu, na mwishowe haendi kabisa. Mimi mwenyewe nimewahi kumkaribisha wifi yangu kwa bashasha huku moyoni nikihesabu ndoo atakazooga. Sisemi habari za mabinti wanaoamkia kisimani na kufika shuleni kipindi cha pili, maana hizo mnazijua.

Fundi Pampu
Naomba tuhesabu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250, kila mmoja apate lita 25 kwa siku, tena asitembee zaidi ya mita 400. Hizo ni lita 6,250, yaani ndoo za lita 20 zipatazo 312. Ndoo ikijaa kwa dakika mbili, foleni huchukua muda wa saa kumi na kidogo kuisha. Mipira ya ndani ya pampu ikichakaa, au maji yakishuka kiangazi, ndoo hiyo hiyo ikachukua dakika nne, mnahitaji karibu saa 21, kwa hiyo lazima baadhi ya wanawake wachote usiku, na zamu ya usiku ndiyo inayorukwa, kwa sababu hakuna shahidi. Kabla ya kuwasuluhisha majirani, pimeni ndoo inajaa kwa muda gani, kisha iulizeni kamati fedha za vipuri ziko wapi.

Mkazi wa Bahi
Nashukuru, Fundi. Pampu yetu inahudumia watu wengi kuliko hao 250, na taarifa ya mapato haijasomwa kwenye mkutano wa kijiji tangu mwaka juzi. Kesho alfajiri nitakwenda kisimani na saa.

Mama wa Chamwino
Nenda na ndoo pia, usije ukaonekana mpelelezi.