Wakuu, mji wa kuhamia unapimwaje? Jedwali langu limenikwamisha

Mhamaji

Wakuu salaam. Naomba ushauri, na naomba mnisome hadi mwisho.

Mimi na mwenzangu tumebakiza miezi mitatu tuhame. Kazi zetu tunafanyia kwenye kompyuta, kwa hiyo popote tutakapokaa ni sawa. Tumechuja hadi tumebaki na miji miwili. Wa kwanza uko pwani: joto, unyevunyevu, ufukwe mrefu wa kutembea na kuogelea. Wa pili uko bondeni katikati ya milima: kuna ubaridi, njia za kupanda mlima zimejaa, ila eneo lina matetemeko na volkano haiko mbali. Mtoto wetu ana miaka sita na ana pumu. Tunachotaka zaidi ni akue akicheza nje.

Nimechora jedwali, nikatoa alama kwa wastani wa joto wa mwaka, idadi ya bustani, umbali kutoka kwenye volkano, na mara ngapi mji umewahi kupatwa na janga. Miji imelingana, imepishana alama moja tu. Mwenzangu anasema kuna kitu hakijakaa sawa kwenye jedwali hilo, na mimi nahisi hivyo hivyo. Nimekosea wapi?

Kipimajoto

Mkuu, anza kwa kufuta wastani wa mwaka. Mji wenye nyuzi 38 mchana wa kiangazi na nyuzi 4 usiku wa baridi unaweza kuwa na wastani mzuri kuliko yote, na usiufurahie hata mwezi mmoja. Chukua mwezi mbaya kuliko yote katika kila mji, ulinganishe hiyo.

Halafu angalia joto la usiku. Watu wengi hutazama la mchana tu. Julai 1995 joto kali liliua watu zaidi ya 700 Chicago kwa siku chache, na sababu mojawapo ni kwamba usiku haukupoa, mwili haukupata nafasi ya kupumzika. Unyevu nao uweke kwenye safu yake. Nyuzi 33 kwenye hewa kavu unatembea, kwenye hewa yenye unyevu mwingi jasho halikauki na mwili haupoi.

Kuhusu mlimani: kwa wastani joto hushuka kama nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Ndiyo maana Quito, karibu kabisa na ikweta lakini kwenye mita 2,850 hivi, kuna ubaridi mwaka mzima.

Mama Pacha

Mhamaji, mimi nakujibu kama mzazi mwenzio. Mmoja wa pacha wangu ana pumu. Tulihamia mji wa bondeni baada ya kuutembelea msimu wa mvua. Hewa ilikuwa safi, mtoto alikimbia siku nzima bila kukohoa. Ilipofika miezi ya baridi na ukavu, kila asubuhi tukifungua dirisha tunaona utando wa kijivu umelala juu ya mapaa. Usiku wa baridi hewa nzito hutuama bondeni, na ile ya joto inakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi wote wa magari na majiko unabaki humo humo mnamopumua. Mwanangu alikuwa analala ameketi, mgongo kwenye mto, nami nimekaa pembeni nahesabu pumzi zake.

Tafuta vipimo vya chembechembe laini za hewani, vya mwezi kwa mwezi. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Na pwani usidhani umepona: nyumba yenye unyevu huota kuvu ukutani, na kuvu ni adui wa pumu. Pitisha mkono nyuma ya kabati kabla hujalipa.

Mzee wa Ramani

Mleta mada, kosa kubwa ni kwamba umeupa mji mzima alama moja ya majanga. Mji hauna hatari moja. Mtaa huu una yake, ule wa juu yake una nyingine.

Mwaka 1985 tetemeko lililoanzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City, liliangusha majengo mengi katikati ya jiji hilo. Sehemu ile imejengwa juu ya udongo laini wa ziwa la kale, na udongo ule ulikuza mtikisiko. Waliokaa kwenye miamba pembezoni, jiji lile lile, walipata madhara madogo sana.

Umbali kutoka kwenye volkano nao futa. Mwaka huo huo, Novemba, Nevado del Ruiz ya Colombia iliyeyusha sehemu ya barafu yake. Tope lilifuata mabonde ya mito kwa makumi ya kilomita, likaufukia mji wa Armero usiku. Walikufa watu 23,000 hivi. Ramani ya hatari ilikuwa imeshatolewa wiki chache kabla, na Armero ilikuwa ndani yake. Hili linaniuma kila nikilikumbuka. Kwa hiyo usipime kwa rula kutoka mlimani. Fuata mto unakopita, kisha uliza nyumba yako iko juu yake kiasi gani.

Na ukisikia "mafuriko ya miaka 100", usielewe kwamba yakipita mna amani ya karne. Maana yake ni asilimia 1 kila mwaka. Ukikaa miaka 30, uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni kama asilimia 26.

Mkimbiaji

Idadi ya bustani haisaidii. Kuna kanuni ya mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk: uone miti 3 kutoka nyumbani kwako, mtaa uwe na kivuli cha miti asilimia 30, na eneo la kijani liwe ndani ya mita 300. Nenda saa nane mchana, utembee na mtoto kutoka mlangoni hadi bustanini. Mkilazimika kuvuka barabara kuu isiyo na kivuko, bustani hiyo si ya mtoto wako.

Mhamaji

Asanteni sana, na shikamoo Mzee. Nimekumbuka kitu. Nyumba tuliyoipenda pwani ilipakwa rangi mpya sebuleni, ila nusu ya chini tu, hadi usawa wa kiuno. Nilidhani ni urembo.

Mzee wa Ramani

Marahaba. Usisaini. Angalia nje ya ukuta wa jirani kama kuna mstari wa tope usawa huo huo, na soketi za umeme kama zimehamishiwa juu. Kisha uliza majirani wawili walioishi hapo miaka mingi, kila mmoja peke yake.

Mhamaji

Nimewapigia, tumeahirisha kusaini. Mwezi mbaya wa mji wa bondeni unaanza wiki tatu zijazo. Tutapanga chumba huko kwa mwezi mzima, upande wa juu ya mto, mtoto na dawa zake, kisha tutafanya hivyo hivyo pwani. Nitarudi hapa na majibu.

Mama Pacha

Andika kila asubuhi amelalaje. Hiyo ndiyo safu iliyokosekana.