Je, kujifunza kupiga udi, ala ya nyuzi ya taarabu, baada ya kustaafu kunausaidia ubongo?

Mstaafu_Tanga
Habari zenu, ndugu. Nimestaafu ualimu, na ingawa nimekulia katika taarabu sijawahi kupiga ala yoyote. Marehemu mama yangu alipata maradhi ya kusahau, na tangu hapo nimekuwa na hofu juu ya kumbukumbu yangu. Mwanangu anasema kujifunza ala kunaimarisha ubongo hata uzeeni, lakini jirani yangu anashikilia kwamba faida hizo ni za walioanza utotoni. Nani kati yao ana ushahidi, na je, udi unanifaa?

Neva_Dodoma
Shikamoo, Mwalimu. Jirani yako ana sehemu ya ukweli. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba kwa wapiga ala za nyuzi, eneo la ubongo linalopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto ni kubwa kuliko la watu wasiopiga, na tofauti hiyo huwa kubwa zaidi kwa walioanza wakiwa wadogo. Hata hivyo, utafiti ule haukusema kwamba mtu mzima hafaidiki.

Ushahidi unaokuhusu wewe hasa umetoka Hannover na Geneva, ambako wastaafu wenye afya wa miaka 62 hadi 78, wasiojua muziki, waligawanywa makundi mawili kwa miezi 12: wengine walifundishwa piano, wengine walifundishwa kusikiliza muziki kwa makini na kuujadili. Matokeo ya miezi sita ya kwanza kwa watu 132, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha kwamba kumbukumbu ya kushikilia sauti akilini iliongezeka katika makundi yote mawili, na baadhi ya sehemu za serebela, iliyoko nyuma ya ubongo, zilinenepa ijapokuwa ubongo kwa jumla uliendelea kusinyaa kama ilivyo kawaida ya umri. Tofauti ilijitokeza katika eneo la kusikia la upande wa kulia, ambalo lilipungua kwa wasikilizaji lakini halikupungua kwa wapiga piano. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu katika umri huo kutopungua ni faida ya kweli.

Msomi_Morogoro
Nakubaliana na Neva, ila naomba tusimpe Mwalimu matumaini yasiyo na msingi. Mwaka 2014 ulitolewa utafiti wa mapacha wa Sweden ulioonyesha kwamba pacha aliyepiga ala ukubwani alikuwa na uwezekano mdogo wa kupata maradhi ya kusahau kuliko mwenzake asiyepiga. Lakini hakuna aliyewapangia nani apige na nani asipige, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba aliyeendelea kupiga ndiye ambaye ubongo wake ulikuwa mzima zaidi tangu awali. Mwalimu, jifunze udi kwa kuwa unaupenda, na usiache kupima shinikizo la damu na kutembea kila siku.

Fidla_Unguja
Shikamoo, Mwalimu. Kuhusu udi wenyewe: shingo yake haina vigawanyo kama vya gitaa, hivyo sikio hulazimika kukagua kila sauti ambayo kidole kinaitafuta, huku mkono wa kulia ukishika mwendo kwa risha, yaani kijiti cha kupigia nyuzi, na makamu (mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu) kama Rasti na Bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya funguo za piano. Mwanafunzi anasikiliza, anakumbuka na kurekebisha kwa wakati mmoja, tangu somo la kwanza. Fanya mazoezi mafupi kila siku badala ya kikao kirefu cha mwisho wa wiki, na ukihisi maumivu ya bega au kiganja, pumzika. Hapa Mji Mkongwe, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha tangu 2002, na udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla zimo katika masomo yake.

Mstaafu_Tanga
Marahaba, wanangu, nami nawashukuru nyote. Unguja ni mbali kwa masomo ya kila wiki. Je, nianze na kinanda cha mjukuu wangu hadi nipate mwalimu wa udi?

Fidla_Unguja
Kinanda hakitakudhuru, lakini sikio lako litazoea sauti zake zisizobadilika. Tanga ndiko vilikotoka vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, Mwalimu. Ulizia kwanza kwa wazee wa taarabu waliopo hapo mjini, na ukimpata mmoja anayepiga udi, mwombe akufundishe kwa kusikia kabla ya kushika karatasi ya nota.