Tupeane uzoefu: Baiskeli na mtoto kwenye njia za porini, Dodoma

Kijiti:
Wadau, kuna picha inazunguka ya mtoto wa kama miaka minne kapakiwa kwenye keria, miguu inaning'inia, wanateremka njia za ng'ombe kule Ntyuka. Naomba wanaopeleka watoto porini mseme mnafanyaje, maana kisigino kikiingia kwenye spoku tunajua kinachofuata.

FundiSpoku:
Kinachunika chote, na mfupa unaweza kuvunjika. Keria ni ya kuni na ndoo. Mtoto anapakiwa kwenye kiti chenye mkanda na kinga ya miguu, na vingi vya nyuma mwisho wake ni kilo 22, soma kibandiko. Lakini kiti ni cha njia laini. Kwenye mawe apande ya kwake.

Tafuta baiskeli ya inchi 12 au 14, ng'oa pedeli kwa spana namba 15. Ya kulia inafunguka ukizungusha kinyume cha saa. Ya kushoto imegeuzwa, inafunguka kwa kufuata saa. Hapo ndipo watu wanakaza wakidhani wanafungua, mpaka krenki, yaani mkono unaoshika pedeli, inakula thredi. Shusha siti nyayo zote mbili zikae bapa chini. Ataanza kutembea nayo, kisha kukimbia nayo, kisha utamwona ananyanyua miguu na kuserereka. Akishaweza kuserereka kwenye kona, rudisha pedeli.

Mama Wawili:
Hapo kwenye keria umemaliza, kaka.

Kinyonga wa Iyumbu:
Mnajitesa bure. Funga vigurudumu vya pembeni, mtoto anaendesha siku hiyo hiyo.

FundiSpoku:
Uani sawa. Kwenye njia yenye makorongo vigurudumu vinakaa juu ya kingo mbili, tairi la nyuma linaning'inia katikati, mtoto anapiga pedeli hewani. Kwenye kona havimruhusu kulaza baiskeli, anarushwa nje.

Kinyonga wa Iyumbu:
Wengine watoto wao waoga mkuu, si wote wanazaliwa mafundi.

Mama Wawili:
Mwoga mwache kwanza uani. Porini ni mwezi ujao.

Mzee wa Mizinga:
Mnabishana vigurudumu wakati njia nyingi za huku zinapita chini ya mizinga ya nyuki. Ukiona gogo limening'inizwa kwenye mgunga au mbuyu, shuka, sukumeni kimya, msipige kengele wala mayowe. Nyuki mmoja akigonga kofia msimpige. Akiuma, au mkimponda, inatoka harufu inayoita wenzake.

Wakishashuka kundi, baiskeli tupa hapo hapo. Mbebe mtoto, uso wake kifuani kwako, funika kichwa kwa shati, kimbia moja kwa moja. Mita 100 hazitoshi. Usijifiche kichakani, usiingie majini. Nyuki hunasa kwenye matundu ya kofia, kwa hiyo mkishafika mbali ivueni mara moja. Miiba itolewe haraka, kwa kucha au kwa vidole, usipoteze muda kutafuta wembe, maana sumu inaendelea kuingia. Midomo ikivimba, akikoroma au kutapika, ni hospitali wakati huo huo. Na aliyeumwa nyuki wengi apelekwe hata kama anacheka.

Kijiti:
Dah. Moshi je? Nikitembea na kiberiti?

Mzee wa Mizinga:
Uchome pori lote Julai na upepo ule? Acha.

Kinyonga wa Iyumbu:
Mimi baiskeli nauza.

Mtaa wa Saba:
Turudi kwenye mada. Adui wa kila safari ni mbigili. Chukua tyubu kuukuu, kata valvu, ipasue kwa urefu, itandaze ndani ya tairi kabla ya tyubu nzima. Uzito unaongezeka lakini miiba mifupi haifiki. Ule mrefu wa mgunga unapita tu, beba viraka, gundi na pampu. Kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi, kikinasa ndipo mwiba ulipo. Upepo wa mtoto usijaze ikawa jiwe. Kwa mtoto wa kilo 18 hivi, psi 15 hadi 20 inatosha.

Mama Wawili:
Si ndiyo italala kabisa kwenye mchanga?

Mtaa wa Saba:
Kinyume chake dada, tairi laini ndilo linaelea. Ikijaa sana inachimba. Ila korongo la mchanga mwingi ashuke tu asukume. Akibana breki ya mbele akiwa mchangani gurudumu linazama na yeye anapita juu ya usukani.

Na breki yenyewe jaribuni kidole chake kama kinafika. Kwenye mkono wa breki kuna kiskrubu kidogo, ukikikaza mkono unasogea karibu na usukani. Halafu legeza waya kidogo isije ikawa inabana muda wote.

FundiSpoku:
Kwenye mlima mvute kwa tyubu kuukuu, kutoka chini ya siti yako hadi katikati ya usukani wake, si upande mmoja. Inanyumbuka, haimshtui. Kileleni ifungue kabla hamjaanza kushuka.

Kijiti:
Saa ngapi ya kutoka? Jua la huku mnalijua.

Mama Wawili:
Saa 12 na nusu, saa 3 mko nyumbani. Lita moja ya mtoto peke yake, na asisubiri kiu. Usiku ikiwa imenyesha ahirisha, ule udongo mweusi wa mbugani unajaa kwenye uma unaoshika gurudumu mpaka gurudumu haligeuki.

Kinyonga wa Iyumbu:
Nyoka kifutu hamjamtaja.

Mzee wa Mizinga:
Hahami njia huyo. Mkubwa atangulie.