Maporomoko madogo ya kijito: niende lini na mama mwenye magoti mabovu?

Mguu Njiani:
Wanajamvi, habari zenu. Nataka kumpeleka mama na wanangu kwenye maporomoko madogo ya kijito. Tukishaegesha gari ni mwendo mfupi tu, na njia imechongwa vizuri. Kwenye picha maji yanamwagika kwelikweli, lakini waliotoka huko majuzi wanasema wamekuta uzi tu wa maji. Niende lini? Mama magoti yanamsumbua.

Kando ya Kijito:
Picha hizo zilipigwa baada ya mvua. Kijito hukusanya maji ya eneo dogo, kwa hiyo hujaa upesi na kupwa upesi. Mvua ya maana ikinyesha leo, subiri maji yaanze kutakata, kisha nenda. Ukichelewa sana utaukuta huo uzi.

Jua likiwaka hapo mlipo lisikudanganye, tazama mawingu ya upande wa juu kijito kinakotokea. Maji yakigeuka tope ghafla, yakaleta majani na vijiti, tokeni majini mpande mahali pa juu saa hiyo hiyo na vyombo viacheni. Maji ya kasi ya kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Kwa mama, tatizo si njia, ni zile hatua za mwisho. Manyunyu hulowesha mawe muda wote, mwani ukaota, na jiwe jeusi linalong'aa ndilo la kuogopa kuliko yote. Malapa yabaki garini. Mkalishe kabla ya mawe kuanza, naye hatapoteza kitu: ukisogea mno huoni maporomoko, unaona povu.

Watoto wachezee chini zaidi, maji yanapotambaa juu ya changarawe. Pale yanapoangukia pamechimbika, tena maji yenye mapovu mengi hayambebi mtu vizuri hata kama anajua kuogelea.

Jicho Moja:
Picha piga siku ya mawingu. Jua kali huyafanya maji yawe doa jeupe tupu.

Mguu Njiani:
Asanteni wakuu. Mkubwa wangu ameshasema atapanda juu achungulie chini. Kuna ubaya?

Kando ya Kijito:
Mkatalie mkiwa bado nyumbani. Ukingo wa juu una utelezi uleule, ila huko hakuna pa kushika. Mpe kazi ya kumshika bibi yake mkono.