Nataka kumwezekea mama bati, anaogopa atatolewa TASAF. Naombeni ushauri

Mwana wa Tembe:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mama yangu ana miaka 63, yuko kijijini Singida na wajukuu watatu walioachwa na marehemu dada yangu. Yuko TASAF, mpango wa serikali wa ruzuku kwa kaya maskini, tangu 2014. Ruzuku huingia kila baada ya miezi miwili, na msimu wa ajira za muda za TASAF anakwenda mwenyewe kuchimba lambo, siku 10 kwa mwezi, 3,000 kwa siku. Nimemsihi sana aache kubeba udongo, hataki. Anasema hiyo ndiyo hela anayoipangia bila kumpigia mtu simu.

Mimi ni seremala Dar. Nyumba yao ni tembe, paa la udongo. Mvua za 2021/22 lilivuja mpaka watoto wakalala wamekaa, wamejifunika turubai. Niliapa hawatalala hivyo tena. Pembeni nimepandisha boma la vyumba viwili, limefika kwenye lenta, na sasa nina bati 24 na mbao. Nilipompigia kumwambia fundi anakuja, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Subiri mwanangu. Tathmini inakuja. Wakikuta bati watasema nimeshatoka kwenye umaskini." Jirani amemshauri tuzifiche kwake hadi wapite.

Mvua hazisubiri. Niezeke au nitulie?

Kinyozi wa Tandika:
Ezeka. Siku 60 za hizo ajira kwa mwaka, kwa 3,000, ni 180,000. Seremala huwezi kumpa mama yako 15,000 kwa mwezi?

Mwana wa Tembe:
Naweza, na namtumia zaidi ya hapo kazi zikiwepo. Zisipokuwepo simtumii kitu, na ndipo ruzuku inapowashika. Mwaka jana nilikaa miezi mitatu bila oda.

Jembe la Kijijini:
Msinielewe vibaya, lakini hela hizi zinalemaza watu. Kama kijana ana uwezo, mama atoke wengine waingie.

Mama Mapacha:
Jembe, mwanamke wa miaka 63 anayebeba udongo juani amelemazwa na nini? Mimi nilikuwa mlengwa wa TASAF, Lindi. Mtoto asipofikisha asilimia 80 ya mahudhurio shuleni, ruzuku yake inakatwa. Asiyepelekwa kliniki, hivyo hivyo. Hatukuwa tunapewa tumekaa.

Mwana wa Tembe, muulize mama kama yuko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Mimi nilipohitimu, yaani kutolewa TASAF kwa kuonekana nimejikwamua, nililia, niliona nimetupwa. Lakini hisa zangu kwenye kikundi zilibaki zangu, na mkopo wa kwanza nilinunulia kuku. Hakuna aliyenifukuza kwenye kile kikao cha kila wiki. Nadhani mama anaogopa kupoteza hilo zaidi ya hiyo 3,000.

Mwezeshaji Mstaafu:
Nimefanya uwezeshaji kwenye halmashauri, wakati wa kuandikisha kaya. Naomba niseme machache.

Bati peke yake halimtoi mtu. Dodoso la tathmini linaangalia mengi kwa pamoja: wanaokula chungu kimoja ni wangapi, nani ana nguvu za kufanya kazi, makazi, mifugo, vyombo, chakula. Wewe uko Dar, si mwanakaya wake. Unachomtumia mama akitaje kama kilivyo, kwamba ni msaada wa mtoto na haupatikani kila mwezi.

Kuficha msithubutu. Majina yanasomwa kwenye mkutano wa kijiji, na boma lenu kijiji kizima kimeliona likipanda. Mama akisema hana kitu halafu mtu mmoja akasimama kumkanusha, hata yale ya kweli hayatasikilizwa. Nimeshuhudia mzee mmoja akidhalilika hivyo mbele ya wajukuu wake kwa sababu ya baiskeli.

Akiona ameonewa, apeleke malalamiko kwenye kamati ya jamii ya kijiji au kwa mtendaji. Wasipomsikia, kuna mratibu wa TASAF halmashauri. Aende na majina ya wale watoto watatu na kadi zao za kliniki au taarifa za shule.

Na jambo la mwisho: bima ya afya ya kaya ya mama ilipie wewe. Iwe jukumu lako hata ruzuku ikiendelea.

Fundi Kozi:
Ukishaezeka weka gata na ununulie hata pipa moja. Kwa Singida maji ya paa ni mali.

Mwana wa Tembe:
Nimerudi. Nashukuruni sana, nimewasoma wote, hata Jembe.

Nimeongea na mama karibu saa nzima. Mama Mapacha, umesema kweli kabisa. Kumbe yeye ni mweka hazina wa kikundi, sanduku linalala kwake, na mimi mwanawe nilikuwa sijui. Alidhani akitolewa TASAF atatakiwa kukabidhi sanduku. Nilipomwambia hisa ni zake na cheo ni cha kikundi, si vya TASAF, sauti yake ilibadilika.

Bati hatufichi. Ya bima ya afya nimeshatuma hela leo. Akija mtu wa dodoso atakaribishwa ndani, aone vyumba viwili na watoto watatu, mama aeleze mwenyewe.

Fundi anaanza wiki ijayo. Mama ametoa sharti moja: Jumatano asigonge misumari, wana kikao.