Utajiri wa mabilionea wetu unapigwaje hesabu?

Kijiwe_Soweto (Mbeya)
Wakuu, salaam. Orodha ya Forbes ya mabilionea wa Afrika ya 2025 ina Mtanzania mmoja tu, Mohammed Dewji, dola bilioni 2.2. Mwaka 2024 aliwekwa kwenye 1.8. Kijiweni wengine wanasema hizo ni hela zilizolala benki, wengine wanasema ni mauzo ya MeTL, kampuni yake, kwa mwaka. Hesabu inapigwaje kwa kampuni ambayo hisa zake haziuzwi DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam)? Na Bakhresa mbona hayumo? Unga, juisi, boti, ving'amuzi, vyote vya kwake.

Mhasibu_Ilomba
Si hela ya benki na si mauzo, mkuu. Ni bei ambayo sehemu yake ya kampuni ingeuzwa leo, madeni yakishatolewa.

Kampuni iliyopo sokoni ni rahisi: idadi ya hisa zake mara bei ya siku. Isiyopo sokoni inalinganishwa na zilizopo zinazofanya kazi kama yake. Chukua kinu cha kubuni pale Makambako. Faida kabla ya riba, kodi na uchakavu ni shilingi bilioni 4. Kampuni za unga zilizo sokoni, tuseme, zinauzwa mara 6 ya faida hiyo, kwa hiyo kinu kina thamani ya bilioni 24. Toa deni la benki bilioni 9, ongeza taslimu bilioni 1, inabaki 16. Mwenyewe ana asilimia 75, basi yake ni 12. Kata asilimia 10 kwa sababu hisa zisizo sokoni haziuziki haraka: bilioni 10.8. Mtaani huyohuyo ataitwa tajiri wa bilioni 24, au wa bilioni 60 kama mtu kaona mauzo.

Panapoharibika zaidi ni kwenye deni. Vinu vya huku hukopa Juni hadi Agosti, mahindi yakishuka bei, ili kujaza ghala. Ukipiga hesabu kwa deni la Agosti ukasahau magunia yaliyomo ndani, umemfukarisha mtu bure. Ukichukua deni la Machi, stoku imekwisha na deni limelipwa, anaonekana hana mzigo kabisa. Soma deni na stoku za tarehe moja, tena kwenye hesabu zilizokaguliwa.

Kuhusu Bakhresa: kampuni ni binafsi, haziwajibiki kutangaza hesabu kwa umma. Mkadiriaji asiye na faida wala deni mkononi hana cha kuzidisha. Kutokuwemo orodhani si ushahidi kwamba mtu hana.

Mbao_Mafinga
Niongezee la mashamba, maana huku kila mwenye eka 500 za misonobari anaitwa bilionea. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, mtu ana haki ya kuitumia kwa muda wa hati. Kinachothaminiwa ni muda uliobaki pamoja na miti.

Kwenye miti watu huhesabu mashina (eka moja kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni kama miche 450), wanazidisha kwa bei ya mti uliokomaa. Kosa. Kwanza toa miche iliyokufa na miti itakayopunguzwa shambani. Pili rudisha thamani hadi leo: eka itakayotoa milioni 40 miaka 10 ijayo, kwa riba ya asilimia 15, leo ni kama milioni 10, na hapo hujatoa palizi wala barabara za kuzuia moto.

Songwe_Klinka
Bei ya mauziano halisi inashinda makadirio yote. Amsons, kampuni ya Kitanzania, walinunua asilimia 65 ya Mbeya Cement, hiki kiwanda chetu cha saruji cha Songwe, kutoka kampuni ya Holcim. Mwaka 2024 wakataka kuinunua Bamburi, kampuni ya saruji ya Kenya, kwa shilingi 65 za Kenya kwa hisa, kampuni nzima ikafika kama bilioni 23.6 za huko. Ila msikimbilie kumwongezea mnunuzi utajiri huo. Aliyelipa taslimu amebadilisha hela kuwa kiwanda, aliyekopa ana kiwanda na deni. Utajiri umebaki palepale mpaka kiwanda kizae.

Kijiwe_Soweto (Mbeya)
Nimeelewa. Sasa namba inarukaje kwa mwaka mmoja bila kiwanda kipya?

Mhasibu_Ilomba
Kizidishio (ile mara 6 ya faida) kikipanda sokoni, au mkadiriaji akiongeza mali ambayo hakuwa akiihesabu. Dangote wa Nigeria alitoka dola bilioni 13.9 mwaka 2024 hadi 23.9 mwaka 2025, kwa sababu kubwa kwamba Forbes waliingiza kiwanda chake cha kusafisha mafuta cha Lekki. Sarafu nayo inauma: faida ya shilingi ikibaki ileile na dola ikapanda kutoka 2,400 hadi 2,700, utajiri wa dola umepungua asilimia 11.

Na mkisema bilionea, semeni wa sarafu gani. Laizer wa Mirerani aliuza tanzanite mbili 2020 kwa shilingi bilioni 7.74, vijiwe vyote vikamwita bilionea, sawa kabisa kwa shilingi. Dola bilioni 2.2 kwa kiwango cha 2,500 ni shilingi trilioni 5.5.

Mbao_Mafinga
Anayetaka kujua nani ana asilimia ngapi aombe taarifa za kampuni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Wanahisa na wakurugenzi wanaonekana, na rehani zilizosajiliwa (mali zilizowekwa dhamana ya mikopo) pia. Anzeni na rehani.