Zana ya kuchora muundo wa hifadhidata: majedwali 70, MariaDB, watu watatu

PangaSafu

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa wanaoijua kazi hii.

Mfumo ni wa SACCOS: wanachama, hisa, akiba, mikopo, wadhamini, marejesho. Majedwali yamefika 70 hivi. Hifadhidata ni MariaDB 10.6 kwenye seva ya Ubuntu. Tunaogusa muundo ni watatu, wawili wanatumia Windows na mmoja Linux. Fedha ya leseni haipo kwa sasa.

Tunataka zana itakayotoa mchoro anaoweza kuusoma meneja na mkaguzi, itakayotuwezesha watu watatu kufanya kazi bila kufutiana, na SQL yake ikubaliwe na MariaDB bila kurekebishwa kwa mkono kila mara.

Tumekwama sehemu mbili. MySQL Workbench 8.0 inachora vizuri, ila skripti yake ikipelekwa kwenye seva inarudisha kosa 1064 (seva haijaielewa sentensi), na ujumbe unalitaja neno VISIBLE. DBeaver nayo tulipoiunganisha na hifadhidata iliyopo ilileta masanduku mengi ambayo karibu yote hayana mistari ya uhusiano. Kuna aliyetutajia pgModeler na mwingine dbdiagram. Tushike ipi?

---

FundiSkima

Mkuu, pgModeler iweke pembeni. Ni zana nzuri sana lakini inaongea na PostgreSQL peke yake. (Kwa atakayeihitaji siku nyingine: msimbo wake ni huria, ila programu iliyokwisha kujengwa inauzwa. Asiyetaka kulipa anaijenga mwenyewe kwa Qt.)

Kabla ya kubadilisha zana, tengeneza kwanza hizo sehemu mbili, maana mojawapo haitokani na zana kabisa.

DBeaver inachora mistari kwa kusoma funguo za kigeni (foreign keys, yaani safu zinazoelekeza kwenye jedwali jingine) zilizomo ndani ya hifadhidata. Ikileta masanduku matupu, funguo hizo hazipo, hata kama kwenye skripti zenu zimeandikwa. Sababu ya kawaida ni injini ya MyISAM (injini ni sehemu inayohifadhi data ya jedwali): inaipokea sentensi ya FOREIGN KEY, hailalamiki, kisha inaitupa. Hakikisha hivi:

`SELECT table_name, engine FROM information_schema.tables WHERE table_schema = 'saccos' AND engine <> 'InnoDB';`

Kila jedwali litakalotokea lihamishe kwa `ALTER TABLE ... ENGINE=InnoDB`, injini inayozilinda funguo hizo. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, na fanya saa ambazo watu hawatumii mfumo, kwa sababu jedwali lote linaandikwa upya.

Usikimbilie kuongeza funguo za kigeni hapohapo. Jedwali lililoishi bila ulinzi huwa na mayatima: marejesho ya mkopo uliokwisha kufutwa, na kadhalika. Wahesabu:

`SELECT COUNT(*) FROM marejesho r LEFT JOIN mikopo m ON m.id = r.mkopo_id WHERE r.mkopo_id IS NOT NULL AND m.id IS NULL;`

Jibu lisipokuwa 0, `ADD CONSTRAINT` itagonga kosa 1452. Kwa fedha za watu usifute mayatima hao. Wahamishie kwenye jedwali la pembeni, mhasibu awapitie kwanza.

Ukiona errno 150 badala ya 1452, tatizo ni aina ya safu. Upande mmoja ni `BIGINT UNSIGNED`, mwingine `BIGINT` au `INT`. Lazima zilingane mpaka hiyo UNSIGNED. Wanaotumia Laravel (kiunzi cha PHP) hukutana nalo sana, kwa kuwa `id()` yake hutengeneza BIGINT UNSIGNED, kisha mtu anaandika jedwali la pili kwa mkono na kusahau. Maelezo kamili yako kwenye `SHOW ENGINE INNODB STATUS`, sehemu ya LATEST FOREIGN KEY ERROR.

Sasa Workbench. Toleo la 8.0 linadhani linaiandikia MySQL 8, kwa hiyo kila faharisi (index) inafungiwa neno VISIBLE, ambalo MariaDB hailijui. Nenda Edit > Preferences > Modeling > MySQL, kwenye Default Target MySQL Version andika 5.7. Mpangilio huo unaweza usiuguse mchoro uliokwisha kuhifadhiwa, basi ufungue na upitie Model > Model Options, kichupo cha MySQL, ondoa tiki ya kutumia mipangilio ya jumla, weka 5.7 na hapo pia. Tazama na kanuni ya kupanga herufi (collation). Ukiona `utf8mb4_0900_ai_ci` ibadilishe iwe `utf8mb4_unicode_ci`, la sivyo MariaDB 10.6 itakurudishia kosa 1273.

---

JedwaliKwanza

FundiSkima amemaliza upande wa makosa. Mimi niseme juu ya uchaguzi wenyewe, maana mtu anaweza kujaribu zana kumi na asifike.

Amueni kwanza ni faili gani litakalokuwa ndilo muundo wenu rasmi. Mchoro na hifadhidata vikitofautiana, na siku moja vitatofautiana, kipi kinasema kweli? Mkijibu hilo, zana nyingi zinajiondoa zenyewe.

Mchoro wa Workbench ukiwa ndio rasmi, mko watatu na mna tatizo. Faili la .mwb ni zip yenye XML ndani. Git (zana ya kutunza historia ya mafaili) italihifadhi, lakini haitawaonyesha nani amebadilisha safu gani, na wawili wakiligusa siku moja, kazi ya mmoja inapotea. Workbench inamfaa mtu mmoja anayeshika kalamu, wengine wanatazama.

Kwa watatu ningechukua muundo ulioandikwa kwa maandishi. DBML ndiyo lugha ya dbdiagram, zana ya mtandaoni inayogeuza maandishi kuwa mchoro, na zana zake za mstari wa amri ni huria:

`npm install -g @dbml/cli`

Jedwali linaandikwa hivi:

```
Table mikopo {
  id "bigint unsigned" [pk, increment]
  mwanachama_id "bigint unsigned" [not null, ref: > wanachama.id]
  kiasi decimal(15,2) [not null]
  tarehe_kutolewa date
}
```

Aina yenye nafasi katikati lazima iwe ndani ya alama za kunukuu, kama hapo juu. Kisha:

`dbml2sql skima.dbml --mysql -o skima.sql`

Kuanzia na hifadhidata iliyopo, toa muundo mtupu kwa `mariadb-dump --no-data`, kisha `sql2dbml muundo.sql --mysql -o skima.dbml`. Hapa kuna mtego. Matoleo mapya ya mariadb-dump huweka juu kabisa mstari unaoanza na `/*M!999999\-`. Ni wa usalama wa MariaDB yenyewe, lakini programu nyingine zinauona ni takataka. Ufute kwanza, kisha tumia safi.sql badala ya muundo.sql: `tail -n +2 muundo.sql > safi.sql`.

Kwenye Git badiliko linaonekana mstari kwa mstari. Mwenzako anasoma, anakuuliza kwa nini `kiasi` kimekuwa FLOAT, unarudisha DECIMAL kabla halijaunganishwa. Hilo peke yake linatosha kuichagua. FLOAT kwenye fedha inapoteza senti, na upotevu huo unakuja kuonekana wakati wa kufunga hesabu za mwaka.

Mapungufu yake msiyafumbie macho. DBML haibebi trigger (amri zinazojiendesha data inapobadilika) wala taratibu za ndani ya hifadhidata. Pia dbml2sql inatoa skripti ya kuunda muundo kutoka mwanzo tu. Haijui kutoa ALTER ya kubadilisha jedwali lililokwisha kuwepo. Kwa seva yenye data hai mtaandika skripti za mabadiliko nyinyi wenyewe, na Flyway, zana inayotekeleza skripti kwa mpangilio wa namba, inatosha: `V12__ongeza_kiasi_dhamana.sql`, mistari miwili ya chini baada ya namba. Weka ALTER moja kwa kila faili, kwa sababu MariaDB hairudishi nyuma mabadiliko ya muundo. Skripti yenye ALTER tano ikifia ya tatu, mbili za kwanza zimeshaingia na hakuna ROLLBACK ya kuziondoa.

Na jambo la muundo wenyewe, kwa kuwa nimeona ni SACCOS: namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) ina tarakimu 20. Msiiweke kwenye BIGINT. Inaanza na mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo namba ya mtu wa 1985 inaanza na 1985, na BIGINT UNSIGNED inaishia 18,446,744,073,709,551,615. Haiingii. Tumieni CHAR(20), bila vistari. Simu nayo ni VARCHAR(16), ili sifuri ya mwanzo au alama ya kujumlisha isimezwe.

---

PangaSafu

Nashukuru sana wakuu. Swali la SQL ya injini limejibika: majedwali 31 yalikuwa MyISAM. VISIBLE nayo imeondoka.

Nina mawili. Kwanza wadhamini: mkopo mmoja una wadhamini kadhaa, na mwanachama mmoja anadhamini mikopo mingi. Kwenye Workbench kuna vitufe kadhaa vya uhusiano na hatuelewani kipi cha kubofya. Pili, meneja na mkaguzi hawatasoma DBML. Wapewe nini?

---

NguzoNne

Ndugu PangaSafu, nianze na vitufe, maana hapo wengi wanaharibu bila kujua.

Mstari wa vipande vipande ni uhusiano wa kawaida: mtoto anapata ufunguo wa kigeni, basi. Mstari mzima ni uhusiano wa utegemezi: ufunguo wa mzazi unaingia ndani ya ufunguo mkuu wa mtoto. Ukiunganisha `mikopo` na `marejesho` kwa mstari mzima, ufunguo mkuu wa marejesho unakuwa `(id, mkopo_id)`. Skripti itapita, programu itafanya kazi, ila sasa kila jedwali litakaloelekeza kwa marejesho linabeba safu mbili badala ya moja. Majedwali matatu mbele, mna funguo za safu nne. Kwa marejesho bofya wa vipande.

Kwa wadhamini, kitufe cha n:m kitawatengenezea jedwali liitwalo `mikopo_has_wanachama`. Libadilishe jina liwe `wadhamini` siku hiyohiyo, kabla jina hilo halijasambaa kwenye msimbo. Hapa funguo mbili pamoja, `(mkopo_id, mwanachama_id)`, ndizo ufunguo mkuu sahihi, kwa sababu zinazuia mtu mmoja kuandikwa mdhamini mara mbili kwenye mkopo uleule. Ongeza `kiasi_dhamana` na tarehe. Kuna kitu kimoja muundo hautakizuia: mkopaji kujidhamini mwenyewe. CHECK haiwezi kusoma jedwali jingine, kwa hiyo hilo liwekeeni trigger, au likaguliwe kwenye programu.

Kuhusu DBML nakubaliana na JedwaliKwanza kwa nusu. Kwa majedwali yaliyopo, sawa. Lakini kwa sehemu mpya ya mfumo, tuseme bima ya mikopo, kuanza na safu na aina za data ni kuanza katikati. Oracle SQL Developer Data Modeler haina malipo, na inatenganisha mchoro wa kimantiki na wa majedwali, jambo ambalo Workbench haifanyi. Unachora vitu na uhusiano wake kwa alama za mguu wa kunguru, unakaa na meneja, mnabishana kama mwanachama anaweza kuwa na mikopo miwili kwa wakati mmoja, na hakuna anayeuliza VARCHAR ni nini. SQL yake msiitumie: inaandikia Oracle, SQL Server na DB2. Ni ya mazungumzo tu, kisha mnaandika DBML.

Kwa mkaguzi mpeni nyaraka zilizotoka kwenye hifadhidata hai. Mchoro mliouchora wenyewe haumwambii kama seva iko hivyo. SchemaSpy inafanya hivyo, inahitaji Java na kiendeshi cha MariaDB:

`java -jar schemaspy.jar -t mariadb -dp mariadb-java-client.jar -host localhost -port 3306 -db saccos -s saccos -u msomaji -p NENOSIRI -o nyaraka -vizjs`

Hiyo `-vizjs` inawaepusha kusakinisha Graphviz, programu ya kuchora michoro. Mtumiaji `msomaji` apewe SELECT tu. Matokeo ni kurasa za HTML: kila jedwali, safu, uhusiano, na orodha ya majedwali yasiyounganishwa na chochote. Inasoma pia maelezo mliyoyaweka kwa COMMENT, basi andikeni kwa Kiswahili cha kawaida: `COMMENT 'Kiasi kilichoidhinishwa, kabla ya riba'`. Safu zenye taarifa binafsi, kama NIDA na simu, ziandikeni hivyo humohumo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na mkaguzi atauliza zinakaa wapi.

---

FundiSkima

Nyongeza moja kwa watakaobaki na Workbench kama kioo cha kutazamia. Msitumie Synchronize Model kuelekea seva hai bila kusoma skripti inayoonyesha kabla ya kutekeleza. Mtu akiwa amebadilisha jina la safu moja kwa moja kwenye seva, zana haijui kuwa ni jina tu. Inaona safu moja imepotea na nyingine imezuka, hivyo inaandika DROP COLUMN na ADD COLUMN, na data iliyomo inaondoka. Ukiona DROP ambayo hukuitarajia, funga dirisha.

---

JedwaliKwanza

Na msichore majedwali 70 kwenye ukurasa mmoja. Hata A0 haisomeki. Kwenye DBML gawa kwa TableGroup: wanachama na hisa, akiba, mikopo na wadhamini, uhasibu, watumiaji wa mfumo. Kundi la majedwali 12 hadi 15 linaingia A3 na maandishi yanasomeka. Jedwali la `wanachama` litajirudia karibu kila karatasi. Liache lijirudie, ila kwenye karatasi ambazo si zake onyesha ufunguo mkuu na jina tu.